Injini ya Kirikuu na Bawa la Kitambaa

Nilikuwa nimelala chini ya gari la mteja, oili ikinichuruzikia shingoni, mume wangu alipochuchumaa kando ya gurudumu na kuniambia kwamba anataka nimfungie injini ya kirikuu kwenye ile ndege yake. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie. Akarudia kwa upole uleule, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi.

"Kirikuu gani?" nikamuuliza.

"Yoyote itakayopatikana. Wewe ndiye unayezijua."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniponza. Gereji yangu iko Maganzo, kando ya barabara ya lami iendayo Mwanza, na kazi yangu kubwa ni vile vigari vidogo vya mizigo ambavyo nchi nzima inaviita kirikuu. Vinabeba mchanga, maji, mbuzi, magodoro, wachimbaji wa almasi na sururu zao. Vinabebeshwa kupita uwezo wao, vinapitishwa kwenye mashimo, halafu vinaletwa kwangu vikilia. Ufundi nilijifunza kwa mjomba wangu nikiwa msichana, nikauongezea chuoni Shinyanga mjini. Mpaka leo wateja wageni hufika wakaniuliza fundi yuko wapi, nami nimesimama mbele yao na spana mkononi.

Mume wangu si fundi. Yeye alijifunza kuruka. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwa mzee mmoja mgeni aliyekuwa na traiki, akiwapigia picha za ardhi kutoka angani watu wanaotafuta madini. Traiki ni ndege ndogo kuliko zote nilizowahi kuziona. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, juu ya magurudumu matatu. Katikati limesimama bomba la chuma, na juu ya bomba kuna bawa kubwa la kitambaa lililoshikwa na bolti moja. Injini inakaa nyuma ya viti, na nyuma ya injini kuna panga la kusukuma hewa. Haina mlango wala kioo. Rubani anashika bomba lililo mbele ya kifua chake, analisukuma au analivuta, bawa linainama na chombo kinageuka. Mume wangu aliajiriwa kama dereva wa kubeba mafuta, akaishia kuwa mwanafunzi wa yule mzee, na mwishowe akawa anaruka peke yake huku mzee akimtazama kutoka chini.

Mzee alipougua na kurudi kwao, alimwachia traiki. Injini yake ilikuwa imeshakufa. Pistoni zilikuwa zimeyeyuka na kuganda ndani ya silinda. Ilikuwa injini nyepesi ya kuchanganya petroli na oili, na mpya yake inapatikana ng'ambo kwa bei ambayo sisi tungeisoma tu kwenye simu na kuizima simu. Kwa hiyo traiki ilikaa uani kwetu imefunikwa turubai, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma.

Siku ile nilitoka chini ya gari, nikajifuta mikono, nikamweleza kama ninavyowaeleza wateja. "Injini ya gari imezoea kupumzika. Unapanda mlima unakanyaga mafuta, ukifika juu unaachia. Kwenye ndege hakuna kuachia. Itakuwa inapanda mlima tangu unaondoka mpaka unatua."

"Si utaifunga vizuri?"

"Hata nikiifunga vizuri. Ikizimika barabarani unashuka unasukuma. Huko juu utamwita nani akusukumie?"

"Traiki ikizimika haianguki," akasema. "Inashuka polepole kwa bawa lake. Nimeshashuka nayo imezimika, mzee akinifundisha."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwona akikaa. Tangu mzee aondoke, mume wangu alikuwa akifanya vibarua vya udereva na kurudi nyumbani kimya, na akisikia ndege yoyote ikipita alitoka nje kuitazama mpaka ipotee. Pia alikuwa na mteja tayari. Kiongozi wa kikundi cha wachimbaji wadogo huko Nyang'hwale alimwahidi kazi ya kupiga picha za eneo lao lote. Nikajiambia, kama kuna mtu wa kuifanya kazi hii hapa Maganzo, ni mimi. Sikujua nilikuwa najiingiza kwenye nini.

Injini tuliipata kwenye kirikuu iliyopinduka na kukunjika bodi, lakini yenyewe ilikuwa nzima. Niliifungua yote, nikaipima, nikabadilisha ringi na bearingi, nikaifunga upya kwa uangalifu ambao sijawahi kumpa mteja yeyote. Halafu nikaiweka nyuma ya viti vya traiki. Nilikuwa na mhimili wa chuma wa kunyanyulia injini, wenye miguu na mnyororo. Tukaining'iniza traiki kwenye mhimili kwa ile bolti moja ya bawa, kama itakavyoning'inia angani, mume wangu akiwa amekaa kitini. Gurudumu la mbele likainuka juu, naye akalala chali kama mtu anayenyolewa ndevu kwa kinyozi.

"Nzito nyuma," akasema akitazama bati la paa.

"Naona."

Nikaanza kung'oa. Kila kitu cha chuma ambacho kingeweza kuwa cha bati nilikifanya bati, na kila ambacho kingeweza kuondoka kiliondoka. Betri ikahamia mbele karibu na miguu yake, rejeta ikaenda chini ya kiti. Tulikuwa tunaining'iniza, tunaishusha, nakata, nachomelea, tunaining'iniza tena. Wateja walikuwa wakifika wakakuta mtu mzima ananing'inia kwenye mnyororo amefunga mkanda, na wengine waliondoka bila kuuliza. Ilichukua miezi mpaka gurudumu la mbele likakubali kushuka.

Tatizo lililofuata lilikuwa kasi. Injini ya gari inazunguka haraka mno kwa panga la ndege. Lazima kuwe na kitu katikati cha kupunguza mizunguko. Niliona rahisi. Nikatafuta puli mbili, kubwa na ndogo, na mkanda wenye meno, nikavifunga, nikakaza. Panga tulikuwa nalo, lile la injini ya zamani, la mbao, limesuguliwa mpaka linang'aa.

Tukaigeuza traiki, mbele yake ikatazama gereji na nyuma yake barabarani, ili upepo utokee kwenye uwazi. Injini ikawaka mara moja. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Vumbi lote la uani lilikuja kwetu usoni, likaingia gereji, likavuka ukuta na kutua kwenye sufuria la wali la mama lishe jirani yangu, na traiki ikaanza kurudi nyuma yenyewe, taratibu, ikielekea lami. Mume wangu alizima akiwa anakohoa.

Injini ya zamani ilikuwa na gia. Gia mbili zikigusana, moja inazunguka kulia na nyingine kushoto. Mkanda haugeuzi kitu. Panga lilikuwa linazunguka kinyumenyume.

"Tuligeuze panga," akasema. "La mbele liwe nyuma."

Nikachukua bolti mezani nikamwonyesha. "Hii ukiigeuza kichwa chini, nyuzi zake zinabadilika?"

Aliichukua bolti, akaigeuza. "Hazibadiliki."

"Basi na panga ni vilevile."

Nililipia wali wa jirani, na mkanda na puli nikavitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Kilichoniuma si kazi iliyopotea. Kilichoniuma ni kwamba sote wawili tulikuwa tumelitazama lile panga kila siku, yeye ameruka nalo miaka, na hakuna aliyewaza.

Gia zilinipeleka Geita. Huko kuna mafundi wanaokereza vyuma vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na niliambiwa kuna mmoja mwenye mashine nzuri. Alikuwa mtu wa Kigoma aliyekuja kutafuta dhahabu, hakuipata, akabaki na mashine ya kukereza. Nilimpa mchoro wangu.

"Dada, hii ni ya karasha ya aina gani?"

"Ni ya ndege."

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akaniambia itakuwa tayari kesho asubuhi. Kesho asubuhi ya yule mtu niliifuata mara nyingi, kwa basi la kupitia Kahama, nikishuka Geita nimekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Mara mashine haina umeme, mara chuma alichoagiza hakijafika, mara kazi ya tajiri wa karasha imeingia katikati. Siku aliyonikabidhi gia, zilikuwa nzuri, zimekaa sawasawa ndani ya boksi lake la oili. Nilirudi nalo nimelipakata kama mtoto.

Panga sasa likazunguka upande wake. Lakini injini ya silinda tatu ina mtikisiko wake, hasa ikiwa imetulia bila mafuta mengi, na gia za chuma hazipendi kutikiswa. Zilikuwa zinagongana kwa sauti ya kutafuna mawe. Nikaweka raba katikati, ya shafti ya gari kubwa, ili imeze mtikisiko. Ikakatika. Nikaagiza nyingine Mwanza; ikaja iliyokaa dukani mpaka imekauka, ikapasuka siku hiyohiyo. Nikaagiza ya tatu, wakaniletea ya gari jingine kabisa, na muuzaji akaniambia kwenye simu, "Mama, hiyo inaingia, ilazimishe kidogo." Nilikata simu nikaenda kukaa ndani ya gari la mteja na kufunga vioo.

Raba ilipopatikana iliyo sawa, joto likaanza.

Nilikuwa nimemwekea mume wangu sharti moja. Hataruka mpaka injini imalize tangi zima la mafuta ikiwa imefunguliwa mafuta mpaka mwisho, bila kupumzika, bila kuchemsha. Tulikuwa tunaifunga traiki kwa mnyororo kwenye lori bovu lililokufa uani kwangu, anakaa kitini, anafungua mafuta, nami nasimama kando nikitazama mshale wa joto. Mshale ulipanda kila mara. Maji yakachemka kila mara. Nikaleta rejeta kubwa zaidi. Ikapoza vizuri, lakini ilikuwa nzito, na tulipoining'iniza traiki kwenye mhimili ikakaa upande. Nikaisogeza rejeta, mabomba yakawa marefu, maji yakaongezeka, uzito ukaongezeka. Kila nilichotibu kilizaa ugonjwa mahali nilipokuwa nimeshaponya.

Kelele zilikuwa kubwa, na majirani walivumilia kuliko ambavyo mimi ningevumilia. Mwisho alikuja mwenyekiti wa mtaa, mzee mtulivu, amevaa koti kwenye jua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Nimekuja kuuliza tu. Hiki kitu kinaondoka lini?"

"Hata mimi naomba nijue, mzee."

Alicheka, nami sikuwa natania.

Wakati huo ndipo mume wangu alipoletewa picha za eneo lile la Nyang'hwale. Yule kiongozi wa wachimbaji alipita Maganzo kwa shughuli zake, akaja kutusalimia kwa heshima zote, akakaa, akanywa soda, kisha akatoa simu. Kijana mmoja alikuwa amefika kwao na droni kwenye mkoba wa mgongoni. Aliirusha akiwa amesimama kwenye kivuli cha gari, na kabla jua halijazama alikuwa amemaliza eneo lote. Mume wangu aliichukua simu, akazikuza picha kwa vidole viwili, akazipitisha moja baada ya nyingine. Mashimo yalionekana, njia za mikokoteni, hata nguo zilizoanikwa.

"Picha nzuri," akasema, akairudisha simu.

Mgeni alipoondoka nilidhani yameisha. Kusema kweli nilifurahi. Nilianza kuwaza nafasi nitakayoipata uani. Mume wangu akachukua ufagio, akafagia chini ya traiki, akasema, "Basi sasa hatuna haraka. Tutaitengeneza mpaka iwe sawasawa."

"Tutengeneze ya nini? Kazi imeshachukuliwa."

"Ya kuruka."

"Kuruka kwenda wapi?"

Aliniangalia kama vile nimeuliza swali la ajabu. "Kuruka tu, mama."

Nilikasirika kiasi kwamba niliingia ndani ili nisimwambie neno baya. Kazi ya pesa ningeielewa. Lakini kesho yake nilikuwa tena pale na tochi, nikitafuta mahali pa kupitisha hewa kwenye rejeta, kwa sababu injini ile nilikuwa nimeifunga kwa mikono yangu na haikuingia akilini kwamba inanishinda. Nilikuwa nimenaswa, na hakuna mtu aliyenifunga. Nilikunja bati kama faneli kupeleka upepo kwenye rejeta, nikabadilisha njia ya maji, nikaongezea kabureta petroli, maana mchanganyiko wenye petroli nyingi huwaka kwa joto dogo. Na siku moja, bila sababu kubwa ya kusherehekewa, mshale ulipanda mpaka katikati ukakaa. Tangi likaisha. Tukajaza, likaisha tena. Jirani yangu mama lishe alitoka nje akauliza mbona leo hakuna moshi.

Kuhusu kibali cha kuruka, mume wangu alikuwa ameshaulizia, akaambiwa chombo kikamilike kwanza ndipo kikaguliwe. Lakini kabla ya kumwita mkaguzi alitaka kujua kama kinatembea sawa. Tulikubaliana. Tutakwenda kwa baba yake mdogo karibu na Kharumwa, ambako kuna malisho mapana yaliyonyooka, wakati wa kiangazi mpunga ukiwa umeshavunwa. Atakimbiza traiki ardhini. Akitaka, atainua magurudumu kidogo, kimo cha mbuzi, na kuyarudisha chini. Basi. Nilimfanya arudie kwa mdomo wake mbele ya baba yake mdogo.

Asubuhi ile hewa ilikuwa baridi na hapakuwa na upepo. Ng'ombe walikuwa bado zizini. Nilikagua kila bolti, kila waya, nikashika kila bomba kwa mkono. Akawasha. Akakimbia mpaka mwisho wa malisho, akageuka, akarudi. Nikatazama mshale, nikagusa raba, nikanusa gia. Kila kitu kilikuwa sawa. Akaenda tena, magurudumu yakainuka, yakarudi. Vizuri sana. Akaenda mara nyingine, magurudumu yakainuka, nikasubiri yarudi chini.

Hayakurudi. Traiki ilipita juu ya uzio wa minyaa, ikazidi kupanda, ikawa ndogo. Baba mdogo aliyekuwa kando yangu alisema taratibu, "Huyu anakwenda."

Nitasema ukweli wa nilichohisi. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyedanganywa mchana kweupe, na chini ya hasira hiyo nilikuwa naisikiliza injini. Ilikuwa inaimba. Sauti moja, nzito, haina doa, juu ya mashamba ya watu ambao wote walikuwa wametoka nje kutazama. Ilizunguka mara moja, bawa limelala upande, ikatupita juu, na nikauona mkono wake ukipunga. Sikumpungia.

Ilikuwa inazunguka mara ya pili iliponyamaza. Haikukohoa, haikupiga, haikupungua kwanza. Ilizimika kama taa. Kilichobaki ni sauti za watu na jogoo mmoja mahali fulani. Niliona bawa likielea, likishuka, likipita nyuma ya miti, halafu sikuona kitu.

Niliendesha kirikuu yetu, ile tuliyoibebea traiki kutoka Maganzo, nikapita kwenye matuta ya majaruba ya mpunga mpaka nikagonga kichwa kwenye paa la gari zaidi ya mara moja. Nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa nikimwambia, usife, nikuue mwenyewe.

Nilimkuta amekaa juu ya tuta la jaruba. Gurudumu la mbele lilikuwa limevunjikia kwenye tuta hilo, bawa limeinamia upande mmoja, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba kwenye kifundo. Wachungaji walikuwa wamemzunguka, na bibi mmoja mzee alikuwa amemshikia kibuyu cha maziwa.

"Ng'wanawane," bibi alikuwa anamwambia, yaani mwanangu, "ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa sina ninapokwenda, bibi," akajibu, na alikuwa anacheka. Akaniona. "Umeisikia? Umeisikia inavyovuta?"

"Nimeisikia ilivyonyamaza," nikasema.

Bibi akanitazama, akamtazama, akanipa mimi kibuyu. "Kunywa, mayu," akasema, yaani mama. "Kaa kwanza."

Sikukaa. Nilimkagua mkono, nikamfunga kwa kanga yangu, nikamketisha kwenye gari. Halafu, kabla ya kumpeleka zahanati, nilifanya kitu ambacho fundi yeyote angekifanya. Nilikwenda kwenye traiki nikabonyeza stata. Injini ikawaka mara moja, ikatulia, ikaimba wimbo wake uleule. Wachungaji wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mimi ningeweza kuipiga mawe.

Mifupa ya kifundo ilikuwa imepasuka, akafungwa plasta. Traiki tukairudisha Maganzo kwa vipande. Na mimi nikaanza kutafuta. Nilifungua mfumo wote wa mafuta nikitafuta maji au uchafu, ulikuwa safi. Nikapima koili, ile inayotoa umeme wa plagi, nikabadilisha, nikarudisha ileile. Nikatikisa waya mmoja mmoja injini ikiwaka. Nikamwagia koili maji ya moto. Nikaiinua traiki mbele kama inapanda, nikailaza upande kama inageuka. Nikaziba tundu la hewa la tangi kuona kama itazimika vile; ilizimika, lakini kwa kukohoa na kusitasita, siyo kama taa. Niliifunga kwa mnyororo ikamaliza matangi mengi kuliko yote ya mwanzo. Haikuzimika hata mara moja.

Wasio mafundi hawawezi kujua jambo hili linavyotesa. Kilichovunjika nakiona. Kilichoungua nakinusa. Lakini kitu kinachokosea mara moja halafu kinakaa mbele yako kimya, kizima, kinakutazama, hakina pa kushika.

Plasta ilipokaribia kutoka, mume wangu akaanza kuzungumzia gurudumu jipya.

"Hutaruka na hii injini," nikamwambia.

"Umeshasema mwenyewe haina tatizo."

"Nimesema sijaliona."

"Labda ilikuwa mara ile tu."

"Mara ile tu ndiyo iliyokuvunja mkono."

Akasema jambo lililoniingia. "Magari mangapi ya watu umeyatoa hapa bila kujua kwa nini yalizimika? Umeyafuta vumbi, yamewaka, umewaambia waende."

"Mengi," nikasema. "Nao walikuwa chini."

Niliifungua injini siku iliyofuata, mchana, mbele yake. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na mkono wake mweupe mapajani. Hakunisaidia na hakunizuia. Bolti nilizozikaza mwenyewe zilikuwa ngumu kufunguka, na kila moja ilipolegea ililia. Nilipoitoa na kuiweka chini, traiki ikainamia mbele. Akainuka akaingia ndani. Kwa majuma tuliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Alisema shukrani kwa chakula, aliniuliza kama nimechoka, na hakuniita fundi tena, kama alivyozoea kuniita tukiwa gereji.

Injini niliiuza kwa mama mmoja wa Geita mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, lililokuwa linajaa maji. Alitaka kitu cha kuzungusha pampu. Nilimwambia ukweli wote: injini hii imewahi kuzimika angani bila sababu.

"Huku kwetu hakuna anga," akasema. "Ikizimika tutaiwasha."

Nikamfungia mwenyewe, pamoja na lile boksi la gia na rejeta kubwa na faneli ya bati. Tangu siku hiyo inazungusha pampu. Wanaiwasha asubuhi, inafanya kazi mpaka jioni ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, kwenye vumbi, kwenye jua, na oili wanayoibadilisha wanapokumbuka. Huwa nakwenda kuihudumia. Wenyewe hawaniiti, nakwenda. Nafika, nasalimiana nao, nachuchumaa kando yake. Naishika koili. Natikisa waya. Naigonga kwa mpini wa bisibisi hapa na pale.

Mara ya mwisho, msimamizi wa pampu alinisogelea. "Kuna tatizo, mama?"

"Haijawahi kuzimika yenyewe?"

"Haijawahi. Mpaka tuizime sisi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Hii injini umetufungia vizuri sana."

Nilimshukuru. Nilikaa pale mpaka basi langu likaribie, nikiisikiliza na kuiombea izimike. Nilitaka izimike mbele yangu mara moja tu, nione ni nini, nirudi nyumbani nikamwambie mume wangu kilikuwa hiki. Haikuzimika.

Mume wangu siku hizi anaendesha lori la pamba na mpunga. Bawa amelikunja na kulifunga kwenye mfuko wake mrefu, limelazwa juu ya mihimili ya paa la sebule. Hatulizungumzii, ila nikirudi kutoka Geita huwa ananiuliza, akiwa ameinamia sahani yake.

"Bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Basi ilikuwa nzima," anasema.

Nami nasema haikuwa nzima, na hapo ndipo tunapoishia kila mara.